Buibui wa Mbita ana jina la Kilatini. Maelezo yake ya Kiswahili yako wapi?

JUMA lililopita mjukuu wangu wa Gredi ya Tano alinijia na daftari lake la Kiswahili. Walikuwa wameagizwa kuandika aya moja kuhusu kiumbe yeyote anayepatikana nyumbani, naye akamchagua buibui. Aliandika kwamba buibui ni mdudu mdogo akaaye kwenye pembe za nyumba na kutega utando ili anase chakula. Mwalimu alimpa alama zote. Nami, babu mwenye shahada tatu, nikampongeza.

“Lakini Babu,” akasema huku akinyoosha kidole ukutani, “yule pale hana utando. Anaruka tu. Halafu mwalimu wa Sayansi alituambia kwa Kiingereza kwamba buibui si mdudu. Sasa nani anasema kweli?”

Nikatazama. Juu ya swichi ya taa palikuwa na kibuibui cha kijivu, si kikubwa kuliko punje ya mchele. Nilipokaribia kiligeuka mzimamzima, kikanikazia macho kama askari wa lango anayetaka kitambulisho, kisha hop! kikarukia fremu ya picha. Mwenye macho haambiwi tazama. Lakini mimi niliyetazama sikuwa na neno la kusema. Nilichokuwa nacho ni lile lile neno moja, buibui, na lile lile fasili la utando ambalo mjukuu wangu alikuwa amekwisha kulipangua kwa kidole.

Swali la mtoto huyo ndilo limenisukuma kuandika makala ya leo. Nalo si swali la zoolojia pekee. Ni swali la uhakiki: je, tunajua kueleza kitu kwa Kiswahili hadi kitambulike na kutofautishwa na kingine? Ama tunajua kukisifu tu?

Hebu tumwendee buibui mmoja ambaye ni wetu hasa. Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria, kuna kampasi ya kituo cha kimataifa cha utafiti wa wadudu, ICIPE. Kampasi hiyo ina jina la Thomas Odhiambo, mwanasayansi Mkenya aliyekianzisha kituo hicho mwaka 1970. Kwenye kuta za majengo ya eneo hilo, nje na ndani, huishi buibui mrukaji ambaye wenyeji wamepishana naye vizazi na vizazi. Mwaka 2003 Wanda Wesołowska wa Poland na Robert Jackson wa New Zealand walichapisha makala mafupi katika jarida moja la zoolojia la Poland, wakamtangaza kuwa spishi mpya. Walimwita Evarcha culicivora. Sehemu hiyo ya pili ya jina imefinyangwa kutokana na maneno ya Kilatini ya mbu na kula kwa pupa. Kwa ufupi, Mla-mbu.

Miaka miwili baadaye Jackson, pamoja na Ximena Nelson na Godfrey Sune, walieleza kwa nini jina hilo linamstahili. Buibui huyu hali mbu yeyote tu. Humpenda zaidi mbu jike aliyetoka kufyonza damu. Yeye mwenyewe hana mdomo wa kutoboa ngozi ya mtu, kwa hiyo huipata damu yetu kwa kumla aliyetuibia. Mwaka 2006 ikaonyeshwa kwamba kati ya mbu wenyewe huwachagua wa jenasi ya Anofelesi, yaani wale wanaoeneza malaria, na kwamba huwatambua kwa macho. Anofelesi anapotua huinua kiuno juu, tofauti na mbu wengine, na buibui wachanga hulitambua pozi hilo. Mwaka 2011 utafiti mwingine ukaonyesha kwamba huvutwa na harufu ya soksi iliyokwisha kuvaliwa. Jamani! Mnyama wa milimita chache anajua kumpambanua mbu kwa mbu, ilhali sisi tunawaita wote “mbu” na kuzima taa.

Sasa turudi kwenye matini, kwa sababu hii ni safu ya lugha. Makala ya kutangaza spishi mpya ni utanzu wenye kanuni kali kama za shairi la arudhi. Kwanza jina, na asili ya jina. Pili kielelezo kikuu, ambacho wanabiolojia hukiita holotaipu: mnyama mmoja halisi aliyehifadhiwa mahali panapojulikana, ili atakayebisha miaka mia baadaye aende akamwangalie. Tatu upambanuzi, yaani sentensi chache zinazosema kiumbe huyu anatofautiana vipi na ndugu zake wa karibu. Nne maelezo yenyewe, kiungo kwa kiungo, pamoja na vipimo. Tano mahali alipopatikana na, ikiwezekana, mwenendo wake.

Moyo wa utanzu huu ni ile sehemu ya tatu. Upambanuzi hauulizi “Huyu ni mzuri kiasi gani?” Huuliza “Ni jambo gani analo huyu ambalo jirani yake hana?” Kila kivumishi sharti kifanye kazi, la sivyo hufutwa. Ukiandika “anavutia”, mhariri atauliza: kumshinda nani, na kwa milimita ngapi?

Linganisha hilo na tunavyofunza insha ya maelezo katika shule zetu. Mwanafunzi hufundishwa kurundika tashbihi: macho kama gololi, meno kama theluji, sauti kama ya kinanda. Akimaliza, tuna mtu mrembo sana ambaye hatuwezi kumtambua akipita mbele yetu sokoni. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nakiri, nimewapa alama za juu waliorundika vizuri. Lawama hii basi inaanzia kwenye kalamu yangu nyekundu.

Kuna watakaosema kwamba Kiswahili kwa maumbile yake ni lugha ya mafumbo na madoido, haina ukali wa kutenga kitu na kitu. Huo ni uongo wa mchana kweupe. Mwulize mkulima wa minazi pwani akutajie tunda la mti wake. Atakuambia kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Kila neno lina mpaka wake, na ukinunua koroma kwa bei ya dafu utajua mwenyewe. Mwulize nahodha kuhusu pepo, atakutengea kaskazi na kusi, matlai na umande. Na mpishi hakubali mpunga, mchele na wali viitwe kitu kimoja, kama Kiingereza kinavyofanya. Hizo zote ni pambanuzi. Lugha iliyoweza kulitenga dafu na kitale itashindwaje kumtenga buibui na buibui?

Kilichokosekana ni mazoea. Buibui hakuwa bidhaa wala chombo, kwa hiyo hatukumtazama kwa haja. Tukampa neno moja, tena neno ambalo pwani linabeba pia vazi jeusi la akina mama. Halafu tukalifasili kwa utando, kwa sababu utando ndio unaotusumbua tunapofagia. Kumbe buibui warukaji, wanasayansi huwaita Salticidae, ndio familia kubwa kuliko zote za buibui, yenye spishi zaidi ya 6,000. Hawategi utando wa kunasia windo. Huwinda kwa macho, kama paka. Wana macho manane, mawili makubwa yakiwa mbele. Huruka kwa kusukuma majimaji ya mwili kwenye miguu ili inyooke kwa ghafla, huku wametia uzi nyuma yao kama mpanda mlima aliyejifunga kamba. Fasili ya buibui inayotegemea utando wa kunasia inawafukuza hawa wote ulingoni.

Na je, buibui ni mdudu? Katika Kiswahili cha kawaida, ndiyo, na sioni haja ya kumkemea bibi anayesema hivyo jikoni. Neno mdudu kwetu ni pana, hubeba viumbe vingi vitambaavyo. Lakini darasani mambo hubadilika. Mtoto wa Kenya husomeshwa Sayansi kwa Kiingereza kuanzia Gredi ya Nne, na huko huambiwa kwamba mdudu ana miguu sita na buibui ana minane, hivyo buibui yuko kwenye kundi jingine, la araknida, pamoja na nge na kupe. Saa iliyofuata anaingia katika somo la Kiswahili na kupewa alama kwa kuandika kinyume chake. Pole pole anajifunza somo la tatu ambalo hakuna aliyekusudia kumfunza: kwamba ukweli una lugha yake, na Kiswahili ni cha hadithi. Hilo ndilo linaloniuma.

Utetezi tunaoupenda ni kwamba sheria haituruhusu, ati sayansi sharti iandikwe kwa Kiingereza au Kilatini. Nilikwenda kuzisoma Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, lililoanza kutumika mwaka 2000. Jina lazima liandikwe kwa herufi za Kilatini, lakini laweza kutoka katika lugha yoyote, hata isiyo na maandishi. Kwa majina ya baada ya 1930 pawe na maelezo kwa maneno yanayompambanua kiumbe. Na kwa yale ya baada ya 1999 itamkwe wazi kwamba spishi ni mpya, na kielelezo chake kitajwe. Kuhusu lugha ya maelezo, kanuni zinapendekeza zile zinazotumika sana kimataifa katika zoolojia. Zinapendekeza, hazilazimishi. Wanabotania ndio waliobanwa na Kilatini hadi mwisho wa 2011. Upande wa wanyama mlango ulikuwa wazi muda wote, na sisi tulikuwa tumekaa nje tukilalamika kwamba umefungwa.

Historia ya buibui wenyewe inatusuta zaidi. Majina yote ya wanyama huhesabiwa tangu mwaka 1758, mwaka wa toleo la kumi la kitabu cha Carl Linnaeus, Systema Naturae. Kuna kitabu kimoja tu kilichopewa heshima ya kuketi pamoja na hicho, ingawa kilitoka mwaka mmoja kabla. Nacho ni kitabu cha buibui. Mwandishi wake, Carl Clerck, alikuwa mtumishi katika utawala wa jiji la Stockholm. Mwaka 1757 alieleza spishi 67 za buibui wa nchi yake. Je, alitumia lugha gani? Kiswidi! Kilatini alikiweka chini ya Kiswidi, kwa herufi ndogo kidogo. Miongoni mwa buibui wake alikuwemo mmoja ambaye leo huitwa Evarcha falcata. Naam, jenasi ile ile ya buibui wetu wa Mbita. Binamu wa Ulaya alielezwa kwa lugha ya majirani zake miaka zaidi ya 260 iliyopita, na sayansi haikuporomoka. Binamu wa Mbita bado anangoja.

Msomaji atauliza: lakini Profesa, mbona Kiswahili kimeanza kuingia? Kweli kimeingia, ila kwa mlango wa majina tu. Mwaka 2010 mnyama wa kale kutoka Tanzania, jamaa wa karibu wa dinosaria, alipewa jina Asilisaurus kongwe. Hilo nalipongeza: asili na kongwe ni maneno yaliyochaguliwa na mtu aliyesikiliza. Mwaka 2019 mnyama mla nyama wa kale kutoka Kenya, ambaye mifupa yake ilikuwa imekaa kwa miongo kadhaa ndani ya Makavazi ya Kitaifa jijini Nairobi, aliitwa Simbakubwa kutokaafrika. Hapo mwalimu wa sarufi ndani yangu aliamka. Simba yuko katika ngeli ya A-WA. Ni simba mkubwa. Ile m- imekwenda wapi? Mtetezi aweza kudai kwamba ni hali ya ukubwa, kama tusemavyo jitu kubwa, na kwamba mitaani watu husema “simba kubwa” kila siku. Haya, nampa hilo. Tatizo kubwa zaidi ni kwamba mnyama huyo hakuwa simba hata kidogo. Alikuwa wa kundi jingine la wanyama wala nyama lililokwisha kutoweka.

Silaumu nia. Nasema tu kwamba jina la Kiswahili juu ya maelezo ya Kiingereza ni kofia ya mkono juu ya suti ya kukodi. Inapendeza kwenye picha, lakini aliyevaa bado si wa hapa. Jina ni neno moja au mawili. Maelezo ndiyo yanayoilazimisha lugha ifanye kazi, itafute istilahi, ipime, itofautishe. Lugha hukomazwa na maelezo.

Na kazi hiyo si lelemama. Spishi za buibui, mathalani, hupambanuliwa hasa kwa viungo vya uzazi. Kiswahili kina adabu zake, nasi tuna hazina ya tafsida kwa mambo hayo. Lakini “sehemu za siri” haitatusaidia hapa, wala neno kavu la mwili wa binadamu halitatufaa. Buibui dume hubeba mbegu zake katika viungo viwili vilivyo karibu na mdomo, vinavyofanana na vijimkono. Kuviita uume ni kosa la sayansi, na kuviita mikono ni kosa jingine. Hapa hatuna budi kukubali palpi, neno la mkopo lenye sura ya Kiswahili, kisha tulieleze. TUKI ilithubutu mwaka 1990 kwa kamusi yake ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini istilahi iliyolala kamusini bila kutiwa ndani ya sentensi ni mbegu ghalani.

Basi tujaribu. Nisiwe kama kocha anayepiga kelele ukingoni bila kuugusa mpira:

“Mla-mbu ni buibui mrukaji wa jenasi ya Evarcha, mwenye urefu wa milimita chache. Ana miguu minane na macho manane, mawili ya mbele yakiwa makubwa kuliko mengine. Hategi utando wa kunasia. Huwinda kwa kunyemelea na kuruka. Hupambanuka na buibui wengine kimwenendo kwa kuchagua mbu jike aliyejaa damu, hasa Anofelesi. Haumi watu ili kupata damu. Hupatikana Kenya na Uganda, kandokando ya Ziwa Viktoria, kwenye kuta na ndani ya nyumba, na pia penye nyasi na miti.”

Maneno hayajafika themanini. Sijadai kwamba yanatosheleza kanuni. Upambanuzi rasmi ungehitaji zile palpi na vipimo vyake, na mwanazoolojia kando yangu. Lakini sidhani kama kuna mtu wa Mbita, Busia au Kisumu atakayeyasoma na kukwama. Na huyo ndiye msomaji ambaye makala ya 2003, kwa ubora wake wote, hayakumfikia.

Kwa nini afikiwe? Kwa sababu ndiye mwenye ufagio. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakutuambia kwamba kikufaacho huenda ki ukutani mwako. Sisemi watu watupe neti zao wangoje buibui awakomboe na malaria. La hasha, neti na dawa zibaki pale pale. Nasema mtu ana haki ya kujua ni nani anayeishi naye kabla hajampiga kandambili. Asiyekujua hakuthamini, na ni vigumu kumjua kiumbe ambaye maelezo yake yako katika lugha ya mbali, ndani ya jarida la mbali.

Nasikia pingamizi kutoka kwa wenzangu wa vitivo vya sayansi: tukichapisha kwa Kiswahili, nani duniani atatusoma? Ni hoja nzito, wala siipuuzi. Vyeo vyetu vyuoni hupandishwa kwa majarida ya kimataifa. Lakini Clerck alikwisha kutuonyesha njia: lugha mbili, ukurasa mmoja. Iandikwe Kiingereza kwa ajili ya dunia, na upambanuzi wa Kiswahili uwekwe papo hapo kwa ajili ya waliompa mtafiti chai, njia na ukuta wa kutazamia. Idara za Kiswahili nazo ziache kungoja kualikwa. Mwanafunzi wa uzamili anayehangaikia mada ya tasnifu na avuke ua hadi Idara ya Zoolojia, akaombe spishi moja tu ya nchi hii, aieleze kwa Kiswahili mpaka mtu asiye mtaalamu aitambue. Huo ni uhakiki wa lugha wenye jasho.

Mwaka 2022 hesabu ya spishi za buibui zilizokwisha kuelezwa duniani ilitimia 50,000. Wa elfu hamsini alikuwa mrukaji kutoka Amerika Kusini, na jina lake linawakumbuka Waminuane, watu wa asili wa sehemu hizo ambao wametoweka. Niliposoma hilo nilisita. Buibui yupo, jina lipo, wenye jina hawapo. Sisi tupo, na lugha yetu inasemwa na mamilioni. Tusingoje kukumbukwa kwa jina tu.

Mjukuu wangu nimemwomba radhi. Tumeifuta sentensi yake ya kwanza kwa pamoja, na badala yake ameandika: “Buibui ana miguu minane na si mdudu kisayansi. Wengine hutega utando, wengine huruka. Wa kwetu huruka.” Sijui mwalimu atampa alama ngapi safari hii. Mimi ningempa zote, na kwa mara ya kwanza ningejua ni za nini.